Kipozamataza Aliyepewa Sauti ya Babu

Sogeeni, wanangu, jamvi ni pana. Nani jana aliniuliza kama ndege anaweza kuimba jukwaani pamoja na watu? Ni wewe, Zuhura? Swali zuri hilo, zuri mno! Limeninyima usingizi, na leo nimekuja na jibu lenye mabawa.

Kaskazini ya mbali kuna nchi iitwayo Ufini. Kipupwe kikifika huko, ziwa zima huganda, watu wakatembea juu yake kama uani kwao. Katika mji mkuu, Helsinki, mwaka 1928, alizaliwa mtoto akaitwa Einojuhani Rautavaara. Jina refu, eh? Litafuneni polepole kama muwa. Baba yake aliimba opera, yaani mchezo ambao watu huimba badala ya kusema, hata wakigombana. Mama yake alikuwa daktari.

Kisha nyumba ikanyamaza. Baba akafariki mwaka 1939. Mama akafariki mwaka 1944. Kijana akachukuliwa na dada wa mama yake, upande wa mji wa Turku. Huko ndiko alikoanza kujifunza piano, akiwa na miaka 17.

"Miaka 17, mjomba? Si amechelewa?"

Amechelewa, mwanangu. Wengine huanza meno ya utotoni hayajang'oka. Lakini huyu alikuwa na sikio. Akatega sikio, akajifunza. Akatega sikio, akatunga. Mwaka 1955 mzee Jean Sibelius, mtunzi anayeheshimiwa kuliko wote Ufini, alikuwa anatimiza miaka 90. Kwa heshima yake akaambiwa amchague kijana mmoja Mfini wa kwenda kusoma muziki Marekani. Akamchagua Rautavaara.

Lakini hizo zote ni kuni tu. Chungu chenyewe ndicho hiki.

Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Oulu kilikuwa kinawatunuku madaktari wake wa kwanza. Si madaktari wa sindano, msiogope. Madaktari wa elimu. Wakamwomba Rautavaara muziki wa sherehe. Kwa desturi, sherehe ya namna hiyo hutungiwa muziki wa okestra na kwaya. Okestra akaiweka. Kwaya akaitafuta porini! Sauti za ndege zikanaswa kwenye tepu, nyingine karibu na Aktiki, nyingine kwenye vinamasi vya Liminka. Muziki wenyewe ukaitwa Cantus Arcticus.

Sasa mpisheni mgeni wetu azungumze.

"Mimi ni kipozamataza wa kaskazini. Ni mdogo, nina vipembe viwili vya manyoya kichwani, na sauti yangu ni nyembamba kama uzi. Siku moja nikaimba, kumbe kinasa sauti kinanisikiliza! Wakaichukua ile tepu, wakapunguza mwendo wake. Wee! Nilipojisikia nilidhani zimwi limeamka."

"Mjomba, kwa nini sauti ilibadilika?"

Waulizeni wazazi wenu habari za redio kaseti. Betri zilipokuwa zinaisha, mkanda ulijikokota, na bibi wa taarabu akageuka mzee mwenye mafua. Mkanda ukienda polepole, sauti hushuka. Zuhura, imba "aaa". Haya, nami naimba "aaa" ileile kule chini. Umesikia? Sauti ni moja, ila mimi niko ngazi ya chini. Basi kipozamataza alishushwa ngazi mbili kama hiyo. Uzi ukawa kamba ya jahazi.

Sehemu ya muziki anayoimba inaitwa Melankolia, na mimi ndiyo ninayoipenda. Kabla yake kuna sehemu ya kinamasi: filimbi mbili zinaanza kuzungushana, kama watoto wanaokimbizana kuzunguka kisima, halafu ndege wanaingia. Mwisho ni bata maji weupe wanaohama. Sauti zao zilipangwa juu ya sauti zao, tabaka kwa tabaka kama chapati, mpaka kundi likawa umati.

"Na hao ndege wanajuaje noti?"

Hawajui hata moja! Ndege yuko kwenye tepu, na tepu haimngoji mtu. Wapigaji ndio wanaotega sikio.

Rautavaara alikuwa mwalimu pia. Alifundisha katika Chuo cha Sibelius, Helsinki, na kuanzia 1976 hadi 1990 alikuwa profesa wa utunzi. Kwake walipita watunzi Kalevi Aho, Magnus Lindberg na Esa-Pekka Salonen. Ukiwasikiliza, kila mmoja analia kwa sauti yake. Hapana kasuku hata mmoja. Mimi hilo namsifu nalo kuliko mengine. Alifariki mwaka 2016, na bata maji wake bado wanaruka kila okestra inapofungua kurasa zile. Wanapaa, wanapaa, sauti inafifia, huwaoni tena.

"Wanakuja huku kwetu?"

Hao hapana, safari yao huishia Ulaya. Lakini mbayuwayu wa Ufini huvuka mpaka Afrika. Wale wanaojipanga kwenye waya wa umeme, huenda yumo aliyekunywa maji ya Liminka.

Haya, giza limeingia. Kesho alfajiri, Zuhura, muombe mama simu yake, ile inayorekodi. Tutamnasa yule chiriku wa kwenye mwarobaini, tumpunguze mwendo, tuone atatoka nani.