Noeli Bujumbura: Robo Saa ya Kuwa na Mungu

Mvua za Desemba zinapoteremka kutoka milimani na kuosha barabara za Bujumbura, kila nyumba huingia katika harakati za Noeli. Watoto hudai nguo mpya, mchele na nyama hupanda bei, na jamaa kutoka milimani hubisha hodi bila kutoa taarifa. Kanisani nako hakuna nafuu: kuna mazoezi ya kwaya, usafi, na pango la kupambwa. Askari naye huongezewa zamu, kwa kuwa sikukuu za raia ndizo siku nzito za ulinzi. Jioni ya tarehe 25 huonekana kwamba kila mgeni amehudumiwa isipokuwa Mwenye sikukuu.

Wakristo wa mji huu waliwahi kunyimwa sala kwa namna nyingine. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetwaa madaraka Novemba 1976, serikali ilizuia ibada za siku za kazi katika saa za kazi, na wamisionari wengi wakafukuzwa nchini. Mwenye kiu ya sala katikati ya juma ilimbidi asali kimya, nyumbani au kazini. Vikwazo hivyo viliondolewa baada ya Meja Pierre Buyoya kushika serikali tarehe 3 Septemba 1987. Kisha, katika vita vilivyoanza mwaka 1993, amri ya kutotembea usiku ndiyo iliyoamua mkesha wa Noeli uishe saa ngapi. Amri hiyo ilifutwa Aprili 2006. Leo milango ya makanisa i wazi. Kinachokosekana ni nafasi moyoni mwa watu wenyewe.

Wapo wanaopanda Mlima Sayuni, Gikungu, penye kikanisa cha Schoenstatt. Kimejengwa kwa mfano wa kile cha Vallendar, Ujerumani, ambako Padri Joseph Kentenich alianzisha jumuiya yake tarehe 18 Oktoba 1914, vita kuu vikiwa vimekwisha kuzuka Ulaya. Ni kikanisa kidogo mno, na huenda udogo huo ndio unaowanyamazisha watu. Nje, mvua ikikatika, Ziwa Tanganyika huonekana chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

Lakini mama mwenye watoto wanne na sufuria ya maharage motoni hawezi kupanda Gikungu. Kwake utulivu hutengwa mapema, kama akiba ya mkaa. Maharage yachaguliwe na kulowekwa usiku. Ndagala zichambuliwe jioni, watoto wakisaidia. Nguo za misa zipigwe pasi siku mbili kabla. Hapo ndipo robo saa ya alfajiri hubaki huru, kabla redio haijafunguliwa na kabla jirani hajaja kuomba chumvi. Akae kitako, asome aya chache za Injili ya Luka, kisha anyamaze. Mume aliyerudi kutoka zamuni naye astahimili kidogo. Chai haitapoa kwa sababu bado haijapikwa.

Na askari aliyepangwa lindoni asijihesabu kuwa amekosa Noeli. Luka asimulia kwamba habari ya kuzaliwa kwa Yesu iliwafikia kwanza wachungaji waliokuwa wakilinda makundi yao usiku, yaani watu waliokuwa zamu. Sala ya mlinzi haifumbi macho wala haitamkwi kwa sauti. Maneno machache hutosha, huku akitazama lango.

Mume na mke wanaotenganishwa na kazi usiku wa tarehe 24 wanaweza kupatana saa, tuseme saa nne. Yeye akiwa langoni, mkewe akiwa kando ya kitanda cha watoto, kila mmoja aseme Baba Yetu mahali alipo. Jambo hilo halihitaji simu wala ruhusa ya mkubwa.