Biashara ya utumwa katika kitabu cha mchezo

Mzazi apitaye Mkunazini humwonesha mwanawe palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sayyid Barghash. Kwetu sisi wa Unguja, hiyo si ngano.

Mwezi Agosti 2022, kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani ilitoa vitabu vipya vya Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo, ulioanza mwaka 1974, wachezaji huketi mezani na dadu, kila mmoja akaigiza mhusika wa kubuni. Miongoni mwa wahusika walikuwamo Hadozee, viumbe mfano wa nyani. Kitabu kilisimulia kwamba mchawi aliwakamata, akawanywesha dawa wakapata akili, akakusudia kuwauza wawe jeshi. Wakaokolewa na wanafunzi wa mchawi huyo.

Wasomaji wengi waliiona humo dhihaka ya kale dhidi ya watu weusi: kufananishwa na nyani, kuuzwa, na kupewa uhuru kama fadhila. Tarehe 2 Septemba kampuni iliomba radhi na kuyaondoa maelezo hayo katika matoleo ya kidijitali. Nakala zilizochapwa zilikwisha kufika majumbani.

Ndugu wazazi, mchapishaji aweza kufuta ukurasa, lakini hawezi kufuta alichokwisha kukisoma mtoto. Tusingoje radhi ya kampuni. Tukisome kitabu cha mchezo pamoja na watoto kabla ya dadu kurushwa, na tuwakumbushe kwamba mwanadamu amekirimiwa na Mola wake, wala heshima hiyo haichezewi.