Mashine ya Presha: Pima Mkono Kabla ya Kutoa Pesa
Kabla hujauliza bei, chukua futi ya fundi cherehani upime mzunguko wa mkono wako, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda unaouzwa pamoja na mashine nyingi za presha hufaa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Ukiufunga kwenye mkono mnene zaidi, namba hupanda ilhali presha yenyewe haijapanda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kuwa watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, walipofungwa ule wa kawaida, namba yao ya juu ilizidi kwa karibu 20. Mwenye 125 husomeka 145, na huenda akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Basi muulize muuzaji: mkanda wa saizi yangu upo, na unalipiwa kando? Jumlisha bei hiyo ndipo ulinganishe.

Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono huvutia kwa udogo wake. Sizipendekezi, isipokuwa kwa mtu ambaye mkono wake wa juu haufungiki. Kifundo kikiwa chini ya usawa wa moyo, namba hupanda. Zile za kupampu kwa mkono hazili betri, lakini zinahitaji stetoskopu na sikio lililofundishwa. Hazimfai anayejipima peke yake.

Iliyobaki ni ya kidijitali ya mkono wa juu, na hiyo ndiyo ya kununua. Usilipie urembo wala kuunganishwa na simu kabla ya kuhakikisha usahihi. Shirika la STRIDE BP huweka mtandaoni, bure, orodha ya mashine zilizothibitishwa. Tafuta modeli kamili iliyoandikwa kwenye boksi. Jina la kampuni pekee halitoshi.

Je, kupima duka la dawa si nafuu? Daktari akitaka vipimo vya asubuhi na jioni kwa siku 7, hizo ni safari 14. Zidisha ada na nauli kwa 14 upate jibu. Lakini kama presha yako ni ya kawaida na zahanati ya jirani hupima bure, usinunue.

Ukishanunua, kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, kisha upime mara mbili. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahesabiwa presha ya kupanda. Kliniki mpaka ni 140/90. Andika namba zote umpelekee daktari, na usiache dawa kwa sababu mashine imesoma vizuri.