Homa ya Ini kwa Wanaosafishwa Damu



Wapo wazee wetu hapa Azaiba wanaosafishwa damu kwa mashine kila wiki, na likizo wanatamani kufika Unguja au Mombasa. Kabla ya kukata tiketi, muulizeni daktari habari ya homa ya ini aina ya B.

Virusi vyake huweza kuishi siku 7 juu ya kitu kilichoingia damu, hata kama damu yenyewe haionekani. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvifukuza. Mgonjwa wa figo kinga yake ni dhaifu, kwa hiyo mara nyingi hubaki navyo, bila hata macho kugeuka manjano, na ini likaharibika polepole.

Chanjo ipo, ila yeye huhitaji dozi kubwa zaidi, na kuikamilisha huchukua kiasi cha miezi 6. Mwezi mmoja au miwili baadaye hupimwa damu: kinga ikiwa chini ya 10, achanjwe tena. Kipimo hurudiwa kila mwaka.

Aina ya C haina chanjo, lakini siku hizi wengi hupona kwa vidonge, hata walio kwenye mashine.

Basi tuanze mapema. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu.