Damu safi, lakini manii bado: namna gani Ebola inajificha ndani ya mwanaume mwenye amepona

Tarehe 25 mwezi wa sita 2020, Kongo ilitangaza mwisho wa Ebola yenye ilisumbua Kivu ya Kaskazini na Ituri karibu miaka 2. Watu 2,287 walikuwa wamekufa, na zaidi ya 1,100 walipona. Kisha miezi 7 na nusu, tarehe 7 mwezi wa pili 2021, ugonjwa ukatangazwa tena katika zoni ya afya ya Biena, upande wa Butembo. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mama mwenye bwana yake alipona Ebola. Labo ililinganisha virusi, ikaona ni uzao wa ile ya 2018, haikuwa mpya kutoka porini.

Hiyo peke yake haionyeshi ni njia gani ilimfikia yule mama. Lakini inaonyesha kwamba virusi ilikuwa imebaki mahali, ndani ya watu.

Mgonjwa anatoka CTE kisha vipimo vya damu yake kukosa virusi. Kumsalimia kwa mkono, kula naye sahani moja, kukaa naye nyumba moja, hakuna shida, na jirani mwenye anamkimbia anamuonea bure. Ila mwili una vyumba vyenye askari wake hawaingii ovyo: ndani ya jicho, ndani ya ubongo, na ndani ya mapumbu.

Kwa nini mapumbu? Askari wa mwili wanajifunza tangu utoto nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni. Mbegu za kiume zenyewe zinaanza kutengenezwa kijana akibalehe, wakati askari wamekwisha kujifunza. Wakizikuta, wangezipiga kama adui na mwanaume angekosa kuzaa. Basi ndani ya mapumbu kuna seli zilizoshikamana kama ukuta, na askari wa karibu wanatulizwa. Ni mpango mzuri kwa uzazi. Lakini virusi ikiingia humo wakati wa ugonjwa, inapata maficho, na hata dawa nyingi zinapita ule ukuta kwa shida.

Inakaa muda gani? Si sawa kwa wote. Sierra Leone, matokeo ya kwanza yaliyotolewa 2015 yalihusu wanaume 93 wenye walipona. Wale 9 waliopimwa mwezi wa 2 ao wa 3 tangu kuugua, wote walikuwa na alama za virusi katika manii. Kati ya mwezi wa 4 na wa 6, walikuwa 26 kwa 40. Kati ya mwezi wa 7 na wa 9, 11 kwa 43. Kipimo kinaweza kuona vipande vya virusi yenye imekwisha kufa, kwa hiyo si kila alama inaambukiza. Lakini huko Liberia, mwaka 2015, mama mmoja alikufa. Rafiki yake wa kiume alikuwa ameugua karibu miezi 6 mbele, na virusi ya manii yake ilifanana na ya yule mama. Guinea, mwanaume mmoja aliibeba zaidi ya siku 500.

Maambukizo ya namna hii ni machache ukilinganisha na hesabu ya waliopona. Tatizo ni kwamba moja tu inatosha kuwasha moto upya.

Ndiyo maana mwanaume mwenye amepona anaitwa kupimisha manii, mpaka majibu mawili yafuatane bila virusi. Wakati wa kungojea, ajizuie ao atumie kapoti kila mara, aitupe vizuri, anawe mikono na sabuni. Mwenye hakupata kipimo afanye vile miezi 12 tangu siku ya kuugua.

Ni rahisi kuandika. Nyumbani ni kitu kingine. Bibi akiona kapoti ndani ya ndoa, anawaza uzinzi. Bwana anajisikia mzima, hana homa, hana maumivu, haelewi kwa nini ashukiwe. Hana kosa: hakuna namna ya kujisikia kama virusi iko ndani ya mapumbu, ni labo tu inaiona. Majibu ni siri yake na ya munganga. Lakini yeye akikubali, inafaa bibi aitwe pia, wasikie maelezo wote wawili, kutoka kinywa kimoja, mbele ya kuacha kapoti.