Safari za marafiki: kiingilio ni nafuu, gari ndilo linalomaliza mfuko

Pasaka inapokaribia, kurasa za Instagram za vijana wa Dar es Salaam hujaa mabango ya safari. Mikumi siku mbili, Zanzibar siku tatu, Lushoto mwisho wa wiki, Arusha kwa wenye nafasi. Kila bango lina picha ya twiga au ya bahari, bei kwa kichwa, orodha ya kilichojumuishwa, na namba ya kulipia. Wanaolengwa ni vijana wanaosafiri sita, kumi au ishirini kwa pamoja: waliosoma chuo kimoja, wanaofanya kazi ofisi moja, wanaoimba kwaya moja. Wengi wao hawajaingia hifadhini tangu safari ya shule.

Biashara hii imekua wakati macho ya sekta ya utalii yakimtazama mgeni kutoka nje. Mwaka 2020 uliwaonyesha wenye hoteli hatari ya kumtegemea mteja wa aina moja, pale idadi ya watalii wa kimataifa iliposhuka kutoka takriban milioni 1.5 ya mwaka uliotangulia hadi kama 620,000. Wageni wamerudi, na kufikia mwaka 2024 walishavuka milioni 2. Lakini mwaka huohuo, kwa takwimu za wizara ya maliasili na utalii, watalii wa ndani walizidi milioni 3. Kwa idadi ya vichwa, mteja mkubwa wa utalii wa Tanzania ni Mtanzania. Kwa fedha anayoacha, bado yuko mbali, na sababu ya hilo haiko langoni kama wengi wanavyodhani.

Langoni mwenyeji amepewa unafuu mkubwa. Serengeti, mgeni mtu mzima hulipa dola 70 kwa siku msimu wa juu, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Mtanzania hulipa shilingi 10,000, nayo kabla ya kodi hiyo. Hakuna kundi la marafiki linaloshindwa kwenda Serengeti kwa sababu ya kiingilio. Wanashindwa kwa sababu ya gari la kuzunguka ndani, la kukodi kwa siku, pamoja na dereva, mafuta na ada ya gari lenyewe. Tuseme gari hilo ni shilingi 400,000 kwa siku. Wakiwa wanne, kila mmoja anatoa laki moja kabla hajala wala kulala. Wakiwa wanane kwenye gari lenye nafasi ya wanane, wanatoa 50,000 kila mmoja. Akiongezeka wa tisa, linahitajika gari la pili, na hesabu yote inaharibika. Ndiyo maana ninaamini kundi linapaswa kujihesabu kwanza na kuchagua mahali baadaye. Vijana wengi hufanya kinyume: wanapenda picha, wanatangaza mahali, halafu wanaanza kutafuta watu wa kujaza viti.

Kuna hifadhi ambazo gari la kuzunguka halihitajiki kabisa, na hizo ndizo ningependa zitangazwe zaidi kwa vijana. Udzungwa ni mfano bora. Hifadhi hii yenye kilomita za mraba 1,990, iliyoanzishwa mwaka 1992, hutembelewa kwa miguu. Unafika langoni Mang'ula, unalipa, unapewa mwongozaji, unapanda mlima. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa ngazi, na chini yake kuna vidimbwi ambavyo watu huoga. Humo msituni yuko mbega mwekundu wa Iringa na pia nyani mdogo wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na hapatikani nje ya milima hiyo. Kundi la watu kumi na mmoja au kumi na tatu haligharimu zaidi kwa kila kichwa kuliko kundi la wanane, kwa kuwa hakuna kiti cha kujaza. Kitulo kwenye nyanda za juu za kusini ina unafuu huohuo: maua yake hutazamwa kwa miguu kati ya Novemba na Aprili, na ukishafika Mbeya una Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu karibu yako.

Njia ya kwenda Udzungwa nayo imekuwa nyepesi. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai 25 ikafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000, na hadi Dodoma 31,000. Kwa kundi la marafiki, treni inamaliza ugomvi mkubwa wa safari hizi, yaani kosta ya kukodi. Kosta hulipwa nzima. Watu sita wakijitoa usiku wa kuamkia safari, bei yake haipungui hata shilingi, na deni linawaangukia waliobaki. Kwenye treni kila mtu ana tiketi yake kwa jina lake, na aliyejitoa amejitoa peke yake. Kutoka Morogoro yapo mabasi ya Ifakara yanayopita Mikumi na Kidatu hadi Mang'ula. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na abiria wa basi la kawaida mara nyingi huona twiga, swala, hata tembo kupitia dirishani bila kulipa kiingilio.

Mabasi ya usiku yamebadilisha hesabu ya kaskazini vilevile. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kusafiri saa 24. Kijana anayefunga duka lake au kutoka ofisini Ijumaa jioni anaweza kuamka Jumamosi akiwa Moshi au Arusha, akiwa ameokoa kitanda cha usiku mmoja na siku nzima ya kazi. Moshi inawafaa sana wenye bajeti ndogo: maporomoko ya Materuni, kahawa ya vijijini, chemchemi ya Chemka, na Marangu, vyote bila hema wala mpagazi. Kuupanda Mlima Kilimanjaro wenyewe hadi mita 5,895 ni jambo jingine, la siku kadhaa na la maandalizi ya mwili. Lushoto nayo iko kilomita 33 tu kutoka Mombo kwenye barabara kuu, ina baridi ambayo mtu wa Dar huifurahia, na matembezi yake mazuri, kama yale ya Irente, hayahitaji gari.

Zanzibar inabaki kuwa ndoto ya kwanza ya kila kundi, na nina wasiwasi nayo kama safari ya kwanza. Boti yenyewe si tatizo, inafika kwa takriban saa mbili. Gharama iko baada ya bandari: teksi za kwenda Nungwi au Paje, vyumba vya hoteli vilivyojengwa kwa ajili ya wawili wawili, na vinywaji vya ufukweni vyenye bei ya mgeni. Kundi linaloweza kupanda daladala kutoka mjini, kukodi nyumba nzima Jambiani na kununua samaki kwa wavuvi linaishi vizuri kwa fedha ndogo. Kundi linalotaka hoteli ya kwenye picha litamaliza akiba ya miezi kwa usiku mmoja. Jambo moja limesaidia: kanuni za mwaka 2025 zimezuia bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Kijana anayeuliza bei ya chumba ana haki ya kujibiwa kwa shilingi.

Vitanda ndiyo sehemu ambayo sekta yetu imewapuuza vijana zaidi. Hoteli nyingi za maeneo ya utalii zina chumba cha mmoja na chumba cha wawili, basi. Kundi la watu tisa linalazimika kulipia vyumba vitano. Nyumba ya vyumba vinne yenye jiko, vitanda vya ziada, uwanja wa kuchomea nyama na mahali pa kupiga muziki bila kumkera jirani ndiyo bidhaa wanayoitafuta, na wamiliki wachache wa Kigamboni, Bagamoyo na Lushoto wameanza kuiuza na wanaijaza. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina hosteli na mabanda katika baadhi ya hifadhi zake, Mikumi ikiwemo, lakini vijana wengi wanadhani hayo ni ya wanafunzi tu kwa sababu hawajayaona yakitangazwa kwenye mabango wanayoyasoma.

Kenya walilazimika kujifunza kumuuzia mwenyeji mapema zaidi. Tahadhari za usafiri zilizotolewa na nchi za Magharibi mwaka 2014 zilifunga hoteli kadhaa za pwani, na zilizobaki zikaanza kumtafuta Mkenya kwa bei ya mwenyeji. Treni ya Madaraka Express ilipoanza Mei 31, 2017, vijana wa Nairobi wakapata njia ya kufika Mombasa na kuvuka kwenda Diani bila kupanda ndege wala kukesha kwenye basi.

Kwetu ipo nafasi ambayo sioni sababu ya kuiacha, nayo imo kwenye kalenda. Pasaka, siku ya Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26 na Mei Mosi, zote huangukia masika au karibu yake. Ni wakati ambao mgeni wa nje hayupo, na baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja hufunga milango na kuwapa wafanyakazi likizo. Yaani Mtanzania anapata siku nyingi za kupumzika wakati uleule ambao vitanda viko tupu. Mvua inaharibu barabara za ndani za hifadhi na inatelezesha njia za milimani, ni kweli. Lakini haifungi nyumba yenye jiko na veranda pana, na maporomoko huwa na maji mengi zaidi. Hoteli inayolipa mlinzi na umeme Aprili nzima bila mgeni ingekuwa na mapato kama ingeuza nyumba nzima kwa kundi la vijana kwa bei ya msimu huo.

Waandaaji wa safari wanastahili sifa kwa kulijenga soko hili kabla ya wakubwa. Wao ndio walioleta malipo ya kidogo kidogo: kijana anatoa 20,000 kila wiki kwa simu tangu Januari, na Pasaka inapofika deni limekwisha. Hata hivyo, wapo wanaofanya kazi bila leseni ya wakala wa utalii, bila risiti, wakikusanya fedha za watu kwenye namba binafsi. Kabla ya kutuma hata awamu ya kwanza, mratibu wa kundi aombe mambo matatu kwa maandishi: namba ya leseni hiyo ya wakala wa utalii (TALA), jina la mahali pa kulala ili apapigie mwenyewe, na masharti ya kurudisha fedha ya atakayejitoa. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo kundi linaweza kudai kuiona risiti hiyo.

Kwa marafiki wanane wenye shilingi 200,000 kila mmoja na siku tatu mkononi, ningewapeleka Udzungwa: treni hadi Morogoro, basi hadi Mang'ula, siku moja ya Sanje, na siku ya kurudi wapite Mikumi kwa gari moja la kukodi la saa chache, kwa sababu wanane wanalijaza. Wakiwa kumi na wawili, gari hilo la Mikumi waliache, wabaki na matembezi ya Udzungwa, na wawaone wanyama kupitia dirisha la basi.