Chai ya jioni nyumbani: kila mgeni na mji wake

Joto limevunjika Maskati, na kuanzia sasa mpaka Machi hakuna wikiendi isiyokuwa na mwaliko. Zamani ilikuwa milka, harusi na arobaini za uzazi. Siku hizi imeongezeka chai ya mada: mwenyeji anachagua mada, wageni wanaambiwa wavae rangi gani, zinakodiwa meza, maua na taa, na picha zinapigwa kabla chai haijamiminwa. Hatusemi watu waache. Watu wakutane, kheri tupu. Ila mara nyingi mgeni anarudi kwake akikumbuka meza tu, wala hajui yule aliyekaa naye ubavuni ni mtoto wa nani.

Kwa sie wa Kiswahili, mada haichelewi kufika Zanzibar. Mlango mdogo wa mbao za kuchonga, kijahazi cha plastiki, karafuu kwenye bakuli, kanga juu ya meza, taarabu ya chini chini. Halafu tega sikio: meza nzima inaongea Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili kimebaki kwa bibi aliyekaa pembeni, na yeye hana wa kusema naye.

Mtoto aliyezaliwa Seeb au Al Khoud anasoma kwa Kiarabu, na akipelekwa skuli ya binafsi anasoma na Kiingereza, na simu yake inaongea vyote viwili. Kiswahili hapa hakina skuli. Kina jiko, kina barza, kina saa ya chai. Msichana aliyekuja huku mwaka 1964 akiwa na miaka 15, leo amepita 75. Aliyefuata baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia watu mlango wa kurudi, akiwa bi harusi wa miaka 20, naye yuko umri huo huo. Hao ndio wanaojua jina la kila kitu kilichomo jikoni, na ndio wanaojua nani ni nani kwetu. Saa mbili za chai pamoja nao ni mali, na sie tunazimaliza kwa picha.

Basi hii hapa mada tunayoipendekeza, haina gharama ya kukodi chochote: chai ya miji. Kila mgeni anakuja na kitafunio kimoja cha mji aliokulia mama yake au bibi yake, na anakuja naye huyo mama au bibi kama yupo na ana afya. Sharti liwe moja tu: mwenye sahani aieleze kwa Kiswahili, japo maneno matano. Mtoto naye akitaka kitu mezani akiombe kwa Kiswahili. Akikosea asichekwe, akichekwa leo, kesho hafungui tena mdomo wake.

Tumesema miji, si Zanzibar peke yake, kwa sababu watu wetu wametoka kwingi. Wapo wa Unguja mjini na wa shamba, wapo Wapemba, wapo wa Mombasa na Lamu, wapo waliokulia Tabora, Kigoma, Bujumbura, mpaka ndani Kongo. Ukiita mada "Zanzibar", mtoto wa Bujumbura anakaa kwenye chai yako kama mgeni mara mbili. Ukiita "miji", kila mtu ana la kusema. Wa Mombasa ataleta mahamri na mbaazi za nazi na atakwambia hayo si maandazi, na wa Unguja atamjibu. Waacheni wabishane, ugomvi huo ndio Kiswahili chenyewe. Wa Tabora akija na chupa ya asali, ipewe nafasi mbele. Na wa Kigoma akileta dagaa wa kukaanga kwenye chai msimcheke, onjeni kwanza.

Mtu mmoja asikae kupika siku mbili. Mwenyeji ajishughulishe na chai, kahawa, maji na mahali pa kukaa, na vitafunio vigawanywe kwa wageni. Andika orodha mapema kwenye kundi la simu, ama sivyo utaletewa sambusa sahani sita na hakuna kitamu hata kimoja. Kwa wageni 12, sahani sita au saba za aina mbalimbali zinatosha na kubaki. Vitumbua, katlesi, bajia, mkate wa kumimina, vileja, visheti, kaimati: hapo meza imejaa.

Hizo kaimati zina hadithi yake. Mwambie mtoto wako kwamba ni lugaimat hizi hizi anazozila Ramadhani kwa bibi yake wa upande wa pili. Neno limevuka bahari pamoja na sufuria, likapunguzwa kidogo njiani. Halua nayo vilevile, na sambusa, na kahawa. Ukiweka lugaimat za jirani yako wa Kiarabu kando ya kaimati za mama yako, mtoto ataona kwa macho kitu ambacho hotuba haiwezi kumwonesha.

Na wale wanaodhani chai ya alasiri na sahani za ghorofa ghorofa za mahotelini ndiyo ustaarabu, basi husimuliwa kuwa ilianzishwa Uingereza kwenye miaka ya 1840 na Anna, Duchess wa Bedford, kwa sababu chakula cha usiku kilikuwa kinachelewa na njaa inamuuma. Miaka hiyo Sayyid Said bin Sultan alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Unguja. Bibi huyo anakata keki yake, wazee wetu wanavuka bahari na halua yao. Hatukuwa nyuma.

Sasa vitumbua, maana ndivyo vinavyowashinda wengi. Roweka mchele nusu kilo usiku kucha, mchele wa kawaida, usitumie basmati ya biriani. Asubuhi uchuje, usage na tui zito vikombe viwili hivi, iliki, hamira kijiko kimoja cha chai na sukari robo tatu kikombe. Rojo liwe zito kama la chapati za maji, lisiwe jepesi kama maziwa. Liache liumuke. Kwa baridi ya Desemba huku litachelewa, liweke karibu na jiko. Chuma chako kipate moto sawasawa kwanza. Cha kwanza siku zote kinaharibika, mpe mpishi akile. Tui la kopo linafaa, lakini ukipata nazi za Salalah na bado unayo mbuzi ya kukunia, mkalishe binti yako juu yake. Hiyo mbuzi peke yake inatosha kuwa mada ya nusu saa.

Chai ipige hesabu. Wageni 12, kila mmoja vikombe vitatu vidogo, hizo ni lita tano na kitu. Usiipike yote mara moja ikakaa kwenye chupa mpaka ikawa chungu. Pika chupa mbili za maziwa, maziwa lita mbili kwa maji lita moja, tangawizi ya kuponda, iliki na kijiti cha mdalasini, halafu chupa moja ya chai ya rangi yenye mchaichai kwa wasiokunywa maziwa. Sukari iwekwe pembeni. Mabibi wengi wana kisukari na wanaona haya kusema, wanakunywa tu ili wasikuvunje moyo. Hili si dogo. Weka pia sahani moja ya kitu kisichokuwa na sukari mahali wanapofikia, usingoje waombe.

Wakati nao una hesabu yake. Desemba jua la Maskati linazama kiasi cha saa 11:20 jioni, na katikati ya Juni linakaribia saa 1. Kwa msimu huu waite watu saa 9:30 mchana, baada ya Alasiri, mnywe duru ya kwanza nje uani au juu ya dari, msali Magharibi pamoja, halafu duru ya pili iwe ndani na kahawa. Misala iwe tayari, na mahali pa kutawadhia pasiwe na ndoo za vyombo. Ijumaa watu wengi wako kwa wazee wao. Jumamosi ni bora, ila kumbuka watoto wana skuli Jumapili, kwa hivyo isivuke Isha.

Kanga ni pambo zuri na rahisi, kila nyumba yetu ina kabati limejaa. Lakini kabla hujaitandika, isome. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo linalosema. Bibi zetu walikuwa wakinunua kanga kwa jina lake, na kuna majina yaliyochaguliwa mahsusi kumpiga kijembe jirani au mke mwenza. Ukitandika "Hasidi hana sababu" na mama mkwe wako akakaa mbele ya herufi hizo akila katlesi, usiseme hatukukwambia. Baadhi ya kanga zilizomo makabatini zina maandishi madogo "Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya duka la ukoo wa Kaderdina la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Wape wasichana kanga tano sita wasome majina kwa sauti, kisha wakubwa wawaeleze maana. Hapo ndipo utakapoona bibi aliyekuwa akisinzia anaamka, maana fumbo la kanga hawezi kulieleza mwengine ila yeye, na mara nyingi anajua na nani alipigwa nalo.

Kwa nyimbo, taarabu ya zamani iwe chini kiasi cha watu kusikilizana. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na sauti yake bado inapatikana kwenye simu. Kama kuna bibi anayekumbuka santuri ikipigwa kwao, mwulize ilikuwa ya nani na watu walikaa vipi kuisikiliza.

Lipo jambo moja hatutaki kulipita. Zanzibar kwa kijana ni likizo, bahari na picha. Kwa baadhi ya wazee waliomo humu majumbani mwetu ni Januari 1964, ni ndugu ambaye hakuonekana tena, ni nyumba iliyofungwa na ufunguo ukabaki. Wengine wamesamehe na wanakwenda kila mwaka, wengine hawajataka kuona tena Forodhani mpaka leo. Usimsimamishe bibi mbele ya watu 12 ukamwambia, haya tuhadithie mlivyotoka. Huo si mchezo wa chai. Atakayetaka kusema atasema mwenyewe, jikoni, na mtu mmoja, mkono ukiwa kwenye unga. Wewe uliza vidogo: mlikuwa mkipikia mkaa au kuni, chai ya asubuhi mlikula na nini, mtaa wenu uliitwaje, nani alikuwa akiuza mikate. Katika hivyo vidogo anaweza kusema saa nzima bila kuumia, na watoto wanapata majina ya mitaa na ya watu ambayo hayamo kitabuni. Kama ataridhia, mrekodi kwa simu. Mwombe ruhusa kwanza, na rekodi ibaki ya familia.

Picha nazo ziwekewe kanuni mwanzoni. Chai ya wanawake watu wamevua mashela, na si kila mtu anataka kuonekana na ulimwengu. Piga picha za meza watu hawajafika, kisha simu ziwekwe kwenye kikapu mlangoni, isipokuwa ya mwenye mtoto mchanga nyumbani. Usaidizi wa nyumbani naye ahesabiwe kuwa binadamu: kama amepika tangu alfajiri, duru ya pili vyombo vioshwe na wasichana.

Mwisho ni kahawa. Dele moja, tende na halua, vikombe vidogo vizunguke kuanzia kwa mkubwa. Wafundishe watoto kutikisa kikombe wakishatosheka, la sivyo wataendelea kumiminiwa mpaka wakose usingizi. Kisha chetezo kipite na udi au ubani wa Dhofar. Waarabu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa, na mwenyeji aliyechoka anaujua uzuri wake. Kwetu sie, lakini, udi ukishapita ndipo watu wanaposimama mlangoni nusu saa nyingine kuagana, na habari zote za maana husemwa hapo, viatu vimeshavaliwa.

Sahani za watu zisirudi tupu. Weka hata kaimati tano au kipande cha mkate wa kumimina, funika, mpe mwenyewe. Na kabla wageni hawajaanza kuweka vitu mezani, bandika plasta yenye jina chini ya kila sinia, maana masinia yote ya Mutrah yanafanana na mpaka leo kuna nyumba mbili Mawaleh zinadaiana.